Ukumbi wa Chama, Lugeye

Matofali yake walifyatua wanachama, kila kaya hamsini.
Ya Nkwimba mjane yalikuwa arobaini na tisa
na lile moja alidaiwa mpaka siku alipozikwa,
ndipo Katibu akalifuta kwa wino mwekundu
mbele ya mkutano, kwa hoja,
na hoja ikaungwa mkono.

Baba alikuwa mpimaji.
Kabla ya ukumbi alikuwa mtu aliyesimama tu
nje ya duka la mnunuzi, jua la Julai utosini,
na mizani yake mwenyewe ya kuning'iniza.
"Lete hapa kwanza."
Gunia lililokuwa ratili tisini kwake
likifika ndani lilikuwa themanini na mbili.
Hakupiga kelele. Aliandika namba zote mbili
kwa mkaa, ubavuni mwa gunia,
zikatazamana kama mawifi.

Kwenye zile ratili nane ndiko ukumbi ulikotoka:
mlango wa mninga, mabenchi kumi na mawili,
dirisha la karani lenye nondo,
na katikati ya sakafu, imefungwa kwa boliti nne,
mizani kubwa ya chuma iliyokuja kwa meli.

Ukutani kwa chokaa:
USILOWESHE PAMBA.
USICHANGANYE SAFI NA FIFI.
MTOTO ASIPANDE MIZANI.

Tulipanda. Mimi nilikuwa ratili arobaini na moja.
Lushinge, ishirini na sita
pamoja na jogoo aliyemkumbatia.

Mwaka wa mvua nyingi walimkamata Budodi
na mchanga wa ufukweni katikati ya gunia, debe zima.
Aliyelipasua ni Baba, na Budodi ni mjomba wake.
Chama kikamhukumu kufagia ukumbi msimu mzima.
Alifagia hata nyuma ya kabati la daftari,
alifagia mpaka mende wakahama,
na adhabu ilipokwisha hakuna aliyekumbuka kumwambia.
Miaka kumi na minne. Alizeeka na ufagio wake.

Pamba ikiisha, ukumbi ulikula mambo mengine:
harusi, mitihani ya darasa la saba,
kesi ya ng'ombe wawili iliyodumu kuliko ng'ombe wenyewe.
Usiku mmoja ziwa lilitoa mtu asiye na jina.
Tukamlaza juu ya magunia matupu, taa ya chemli kichwani,
usubi wa ziwa ukianguka kwenye kioo kama mvua ya vumbi.
Mama alimfunika khanga yake ya sikukuu.
Mizani ilikuwa palepale, hatua mbili.

Kisha malipo yakaanza kuchelewa.
Mwaka wa kwanza zile karatasi tuliziita stakabadhi,
wa pili, ahadi,
wa tatu Mama akawashia moto wa uji.

Walipoiuza mizani kama chuma chakavu
ililetwa mizani nyingine kuipima.
Baba alitoka nyumbani bila viatu.
Aliuliza swali moja: "Hiyo imekaguliwa na nani?"
Vijana wa lori walicheka, si kwa ubaya.

Mwalimu wangu wa fasihi alinirudishia daftari:
shairi lisilo na mizani, alisema, si shairi.
Nikamjibu, mwalimu, yetu iliuzwa,
nikachapwa viboko viwili, na sikujutia hata kimoja.

Siku hizi ukumbi umepangishwa.
Mihayo ananunua mabondo ya sangara,
mizani yake ni ndogo kama sahani ya chai,
inasoma gramu, na kioo chake
kinatazama upande wake yeye.
Boliti nne bado zimo sakafuni.
Watu hujikwaa.

Juzi nilimkuta mama mmoja mlangoni,
mchuuzi, miguu ina magamba ya samaki hadi magotini.
Alikuwa amechuchumaa, hajaingia bado.
Alitoa kwenye kibindo cha kitenge
mizani ya kupimia unga wa maandazi,
akaweka bondo, akasubiri namba itulie,
akaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu:
mia nne na kumi.
Akaacha nafasi pembeni yake,
akanyanyuka, akaingia.